Kabla hujashangilia picha ya stesheni, uliza treni zitalala wapi (uzi)

Msimu wa siasa ukikaribia, hapa Mombasa lazima ile picha itokee. Waijua: treni nyeupe juu ya nguzo, stesheni ya vioo, watu wanashuka na mabegi wakicheka, bahari nyuma yao. Wiki hii imetua tena kwenye grupu letu la mtaa, Tudor, na ugomvi ukaanza hapo hapo. Nusu wanasema ndiyo maendeleo, nusu wanasema ni uongo wa kura.

Sitamtaja mtu wala chama. Nataka tuongee vitu viwili ambavyo picha kama ile huwa haivionyeshi: pale abiria anapobadilisha chombo, na pale treni zinapolala na kutengenezwa.

Nianze na kubadilisha, manake hili limetuuma wenyewe.

SGR ilizinduliwa 31 Mei 2017. Stesheni yake inaitwa ya Mombasa lakini kisiwani haipo, iko Miritini, bara. Treni ya zamani ilikuwa ikikuleta hadi mjini kabisa. Ukitoka nje ya geti Mwembe Tayari hiyo, mwenye miguu mizima anafika kwake bila hata tuktuk. Hii mpya inakuacha Miritini, halafu Mungu akusaidie.

Mwaka jana nilimrudisha mamangu kutoka Nairobi kwa treni ya usiku. Goti lake moja bovu. Tulishuka saa tisa na kitu usiku, matatu hakuna, na dereva wa teksi akataka 1,500 mpaka Tudor. Tiketi ya mamangu, Nairobi hadi Mombasa, ilikuwa hiyo hiyo 1,500. Yaani kilomita zaidi ya 400 bei moja na kakipande ka mwisho ka kufika nyumbani. Nililipa. Dereva simlaumu, angalau yeye alikuwepo.

Sasa tazama. Nairobi nao stesheni yao ya SGR iko nje ya mji, Syokimau. Lakini wao walikuwa na treni ya kuwaunganisha: unashuka kwenye SGR, unapanda treni nyingine mpaka stesheni ya kati. Kwetu, kazi ya kufufua reli ya zamani ili iunganishe Miritini na kisiwani, pamoja na daraja la reli pale Makupa, ilikuja miaka baadaye. Huu ndio mjadala ambao wanasiasa wangefaa kubanwa nao, lakini ukiuleta unaambiwa unapinga maendeleo.

Kuna aliyeuliza grupuni, kwa nini SGR isingepita tu juu ya reli ya zamani mpaka mjini? Haiwezi. Reli ya zamani upana wake ni milimita 1,000, ya SGR ni 1,435. Magurudumu hayaingii. Kwa hiyo abiria kushuka na kubadilisha ni lazima. Shida ni kushuka mahali ambapo hakuna cha kupanda.

Na stesheni ya juu ina yake. Inakwepa foleni, kweli, na haikati mtaa vipande viwili. Lakini kila abiria lazima apande juu, na lifti ikifa, mamangu hafiki. Njia mbili zikikutana kila moja kwenye ghorofa yake, hizo ni ngazi mara mbili. Addis Ababa walipofungua treni yao ya mjini Septemba 2015 walifanya jambo la akili: katikati ya mji njia zote mbili zinapita juu ya reli moja, karibu kilomita 2.7, kwa hiyo kubadilisha ni kungoja tu treni nyingine pale pale uliposhukia.

Lakini Addis hiyo hiyo ndiyo inayonileta kwenye depo. Walinunua treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zikawa zimelala karakana, hazitoki kwa kukosa spea. Nguzo zimesimama, stesheni ziko, treni za kubeba watu chache, na foleni ya abiria ndefu kama zamani. Spea zinaagizwa nje kwa dola. Ukiambiwa mradi utagharimu kiasi fulani, uliza kama hiyo ni bei ya kujenga tu au na ya kuzitunza.

Mfano mwingine ni Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, na depo ikajengwa Jangwani, bondeni kwa Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikija, maji yanaingia depo. Mabasi yameharibika humo, safari zimesimama, na mwishowe ikaonekana depo lazima ihamishwe. Stesheni zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kiwanja cha kulaza mabasi.

Turudi kwetu. Kisiwa cha Mombasa chote ni kama kilomita 14 za mraba, na kimejaa. Depo ya treni inataka ardhi tambarare, ekari kwa ekari: reli za kuegesha, pa kuoshea, pa kuchonga magurudumu, stoo. Zamani mjini hapa kulikuwa na vigari vya kusukumwa na watu, juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Viwili vikikutana, kimoja kinainuliwa kinawekwa kando. Treni huiinui.

Basi itakaa wapi? Tudor kuna nyumba, kuna chuo, na upande wa maji kuna mikoko. Wakisema watafukia mikoko, hiyo ni Jangwani ya pili. Wakisema watabomoa nyumba, watuambie za nani na fidia inalipwa kabla au baada. Wakisema bara, sawa, naona ndiyo yenye mantiki, lakini hapo treni tupu zitavuka Makupa kila alfajiri kuja kuanza kazi, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu.

Mimi treni naitaka, tusielewane vibaya. Aliyetuma ile picha nimemuuliza depo iko wapi. Amejibu kwa emoji ya moto.