Klachi na Flaiwili: Uteuzi Ulifaalo Gari la Turbo Milimani Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akifika makutano ya Kyumvi akakunja kuelekea Machakos, huiona nchi ikianza kuinuka mbele yake. Mji wenyewe umekaa katika kimo cha takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nao umepakana na vilima vya Iveti na Mua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kimo na miinuko hiyo inavyopaswa kumwongoza mtu anayejijengea gari la kasi lenye turbo, hasa anapoteua klachi na flaiwili. Maneno hayo tutayatumia kama yatumikavyo gerejini, kwa kuwa fundi wa jua kali ukimtajia jina la kubuni atakutazama tu.

Gari lenyewe, mara nyingi, ni Subaru Impreza. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiendesha Impreza. Colin McRae akashinda mashindano hayo mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Impreza. Watoto waliosimama kando ya njia miaka hiyo wakila vumbi leo ni watu wenye mishahara. Impreza WRX ya kwanza, ya mwaka 1992, ilikuwa na injini ya lita 2 iliyotoa nguvu za farasi 240 na nguvu ya kusokota ya Nyutoni-mita 304. Nguvu za farasi tuwaachie wauzaji wa magari. Klachi huijua hiyo ya pili tu.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa boliti nyuma ya krankishafti. Sahani ya klachi, yenye utando wa msuguano pande zote mbili, hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti kwa nguvu ya springi. Dereva akikanyaga pedali, mbano hulegea na injini huzunguka peke yake; akiiachia, sahani hunaswa tena na giaboksi ikapokea mzunguko.

Uwezo wa klachi hupatikana kwa kuzidisha mambo manne: idadi ya nyuso zinazosuguana, kipimo cha msuguano wa utando, nguvu ya mbano, na wastani wa umbali wa utando kutoka kitovuni. Tuchukue sahani ya milimita 230, kama ile ya WRX ya gia tano. Tukikadiria nyuso 2, msuguano wa 0.3, mbano wa Nyutoni 6,000 na wastani wa milimita 95, twapata Nyutoni-mita 342. Kwa injini isiyoguswa hiyo yatosha. Lakini mwenye gari akiongeza shinikizo la turbo hadi injini itoe 400, sahani itateleza hata kama ni mpya kabisa. Dalili yake haifichiki: ukiwa katika gia ya nne, kanyaga mafuta yote, mshale wa mizunguko huruka ilhali ule wa mwendo haujasogea, kisha harufu ya kuungua hufuata.

Dawa ni kuongeza mojawapo ya yale manne, na kila moja ina gharama yake. Springi kali huongeza mbano, lakini pedali huwa nzito na beringi zinazozuia krankishafti kusukumwa mbele huchakaa upesi. Sahani mbili badala ya moja hufanya kazi nzuri mno, ila bei yake ni ya wanamashindano. Utando wa vidonge vya madini hunasa zaidi na hustahimili joto, lakini hunasa kwa ghafla; katika foleni gari hurukaruka kama chura. Kwa maoni yangu, gari linaloendeshwa barabarani na kutoa takriban 400 lafaa lipewe utando wa kawaida na presha pleti yenye mbano uliozidi kidogo. Hesabu yetu ya awali, kwa mbano wa Nyutoni 7,500, hutoa 427.

Hadi hapo, ushauri huo ungefaa Mombasa sawasawa na Machakos. Tofauti iko kwenye flaiwili. Katika kimo cha mita 1,600 shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la pwani kwa takriban asilimia 17. Turbo ikishaanza kupuliza, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Lakini gari linapoondoka kutoka kusimama, turbo bado imelala, na injini ya lita 2 huvuta hewa hiyo nyembamba bila msaada wowote. Klachi basi hukabiliwa na injini mbili ndani ya moja: dhaifu chini, kali juu.

Flaiwili ndiyo akiba ya nishati inayoziba pengo hilo. Ile ya kilo 9 yenye nusu kipenyo cha sentimita 14, ikichukuliwa kuwa sahani ya unene mmoja, huhifadhi takriban jouli 1,900 katika mizunguko 2,000 kwa dakika. Ya kilo 5 huhifadhi 1,070 tu. Kulipandisha gari la kilo 1,300 mita moja kwenye mwinuko wa moja kwa kumi kwahitaji takriban jouli 1,270. Ukiipunguza flaiwili, umeipunguza mita ya kwanza ya mlima.

Si kwamba flaiwili nyepesi haina faida. Katika gia ya kwanza, ambapo injini huzunguka mara 14 hivi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kuondoa kilo hizo 4 ni sawa na kumteremsha garini abiria wa kilo 85. Katika gia ya tano, hata hivyo, ni kama kuteremsha kikapu cha maembe. Mwanamashindano abadilishaye gia kila nukta chache atafaidika. Anayepanda kwenda nyumbani Iveti na magunia nyuma hatafaidika.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alilijua hili kwa fedha zake. Alinunua flaiwili nyepesi na sahani ya vidonge kwa akiba ya miezi mingi. Juma la kwanza gari lilimzimikia mlimani mara tatu, matatu ikipiga honi nyuma yake. Akaanza kuondoka kwa mizunguko 4,000 huku akiitelezesha klachi, na kabla ya mwaka kwisha sahani ilikuwa imepasuka kwa joto. (Utani ulikuwa kwamba ahamie Kyamwilu, katika barabara ya Mutituni, ambako macho hudanganywa hata gari lisilo katika gia huonekana kupanda lenyewe.)

Lililotuogopesha zaidi ni njia aliyotaka kuifuata kwanza: kuipeleka flaiwili ya zamani kwa mkerezaji ili apunguzwe kilo kwa bei nafuu. Kukereza uso wa flaiwili kidogo, ili sahani ikae sawa, ni kazi ya kawaida na ya lazima. Kuichonga mwili ni jambo jingine. Katika mizunguko 7,000 ukingo wake hukimbia takriban mita 100 kwa nukta. Chuma cha kalibu kilichokonda au chenye ufa kikipasuka katika mwendo huo, vipande hutoboa ganda la giaboksi, na nyuma ya ganda hilo iko miguu ya dereva. Atakaye flaiwili nyepesi na anunue iliyofuliwa kwa kazi hiyo.

Hatimaye kijana alirudisha flaiwili ya uzito wa kiwandani, akaweka utando wa kawaida wenye presha pleti kali. Giaboksi ilipokuwa chini, alibadilisha pia rilisi beringi na sili ya oili ya nyuma ya injini, maana tone moja la oili huharibu utando mpya. Fundi alimwagiza aendeshe kilomita 800 za upole, bila kukanyaga mafuta yote, ili utando ukae vyema juu ya chuma. Kwa majuma kadhaa Impreza ile ilikuwa ya safari za sokoni na kanisani, na aliyefurahi zaidi alikuwa mama yake.