HTDA hadi HTDA

Mwanafunzi wangu aliruka peke yake asubuhi kutoka Dar es Salaam, akatua Tanga, akatua Zanzibar, akarudi Dar kabla mawingu ya mchana hayajapanda. Jioni nilipofungua logibuku yake kwenye tableti nilikuta mstari mmoja: kuondoka HTDA, kufika HTDA. Programu ilipiga hesabu kwa alichopewa, ikaandika umbali wa safari: sifuri.

Mzunguko ule una karibu kilomita 400. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinamtaka anayeomba leseni ya rubani binafsi awe amefanya, akiwa peke yake, walau safari moja ya kilomita 270 na kutua hadi kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa mstari ule, mkaguzi angemwona kijana aliyezunguka juu ya Kipawa, ulipo uwanja wa Dar, saa mbili na ushei. Tuliurekebisha palepale: HTDA, HTTG, HTZA, HTDA.

Herufi hizo nne za ICAO zina mpangilio wake. H hutaja ukanda, T ni Tanzania. Kenya ni HK, Uganda HU. Mbili za mwisho ndizo zinazotaja kiwanja chenyewe. Uwanja wa Dar ulipopewa jina la Julius Nyerere, HTDA ilibaki vilevile. Herufi tatu zilizo kwenye lebo ya begi la abiria ni jambo jingine, nami nawakataza wanafunzi kuzitumia. Mwaka 2019 herufi IST zilihamishwa kutoka uwanja wa Atatürk hadi uwanja mpya wa Istanbul. Rubani aliyeandika IST miaka ya nyuma anaweza kukuta programu imemtua kwenye uwanja ambao siku ile haukuwa umefunguliwa. Aliyeandika LTBA yuko salama. Uwanja mpya una herufi zake, LTFM.

Kazi kubwa iko porini. Viwanja vingi vya udongo vinavyohudumia kambi za watalii havina herufi za ICAO, kwa hiyo rubani hukiingiza kiwanja mwenyewe kwa latitudo na longitudo. Hapo ndipo makosa hutokea. Chukua kiwanja kilicho nyuzi 2 na dakika 27 kusini. Wengi huandika 2.27. Lakini dakika ni sehemu ya 60, si ya 100: gawa 27 kwa 60 upate 0.45, kisha andika 2.45. Ukiacha 2.27, kiwanja kinahama kilomita 20.

Na kusini kwa kawaida huandikwa kwa alama ya kutoa. Isahau kwenye latitudo ya Dar, na kiwanja kinaangukia nyanda za juu za Ethiopia. Kosa hilo halichafui ramani peke yake. Programu nyingi hutumia mahali ulipo kukokotoa jua linapozama, ndipo zigawe saa za mchana na za usiku. Mwezi Desemba, kuvuka huko kwa upande wa pili wa ikweta kunasogeza machweo kwa zaidi ya dakika 20, na rubani anajikuta amepewa saa za usiku alizoziruka jua likiwa bado linawaka.

Vituo vya njiani navyo viandikwe, ila kama vilivyo. Ukigeuzia juu ya Bagamoyo, iweke kwenye safu ya njia, kamwe isiwe kwenye safu ya kutua. Inaonyesha ulikopita na inaongeza umbali uliochorwa, lakini magurudumu hayakugusa ardhi pale, na sahihi ya mwalimu haiwezi kudai yaligusa.

Siku hizi sisaini mstari wowote kabla mwanafunzi hajafungua ramani. Tunaifuata njia kwa kidole, pwani juu hadi Tanga, kisha baharini hadi Unguja, naye ananieleza kila pembe: hapa nilitua, hapa niligeuza tu.