Kosa Linalokomesha Kazi: Maelezo Kuhusu Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa istilahi zilizoletwa mbele yetu na wafasiri wa vitabu vya kompyuta, ipo moja ambayo kwa sura ni nyepesi. Kwa Kiingereza ni maneno mawili tu, na mwenye kufasiri neno kwa neno hupata "kosa la kufisha" au, kwa ukali zaidi, "kosa la kuua". Tafsiri hizo zimekwisha kuingia katika miswada kadhaa. Tulipozisoma mbele ya walimu mjini Mwanza, mmoja wao alituuliza kwa utulivu: "Nani amekufa?"

Kwa watu wa Mwanza swali hilo halina mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia mji huo, na mamia ya abiria wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kikachukua roho za watu zaidi ya 220. Neno lenye kifo ndani yake lina wenyewe kando ya Ziwa Victoria, na mfasiri hana ruhusa ya kulibandika juu ya kioo cha kompyuta kwa sababu tu faili fulani halikuonekana.

Hata hivyo, hisia za wasomaji peke yake hazitoshi kukataa istilahi. Yatupasa tutazame jambo lenyewe linalotajwa.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ambayo mashine huweza kuyatekeleza. Siku hizi kompaila nyingi hazijengwi kama jengo moja. Hujengwa kwa sehemu ambazo programu nyingine pia huweza kuziazima, na mkusanyiko wa sehemu hizo huitwa maktaba. Mfano ulio mashuhuri ni LLVM, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Maktaba zake hutumiwa na kompaila za lugha kadhaa za programu, na pia na vyombo vya kuandikia ambavyo humwonyesha mwandishi makosa yake angali anaandika.

Sasa tuseme maktaba imekutana na jambo lisilo sawa. Ifanyeje?

Tuchukue mfano wa kivuko kinachotoka Mwanza kwenda Kamanga. Fundi wa injini, akiwa chini katika chumba cha mitambo, anaona mafuta yaliyoletwa yamechanganyika na maji. Akizima injini papo hapo bila kumwambia mtu, kivuko kitabaki kikielea katikati ya maji. Yeye hajui juu kuna nini: magari mangapi, mgonjwa anayepelekwa hospitali, au upepo unaoanza kuvuma. Anayejua ni nahodha. Wajibu wa fundi ni kupeleka habari juu, na uamuzi ni wa nahodha. Maktaba ndiyo fundi huyo. Programu iliyoiita ndiyo nahodha. Maktaba ikijikomesha yenyewe, humkomesha na aliyeiita, kwa kuwa wote wamo katika chombo kimoja. Mwalimu aliyekuwa akiandika kwa saa mbili bila kuhifadhi hupoteza kazi yake yote kwa sababu ya alama moja iliyokosewa.

Kwa hiyo mwongozo wa waandishi wa LLVM hutenganisha makosa ya namna mbili. Ya kwanza hutoka nje: faili halipo, au data imeharibika. Hayo hurudishwa kwa aliyeita, na kwa utaratibu mmoja tuliopendezwa nao sana: habari ya kosa haiwezi kutupwa kimya kimya. Pale ukaguzi huo unapokuwa umewashwa, aliyeipokea akiiacha bila kuitazama, programu husimamishwa hata kama hapakuwa na kosa lolote. (Laiti majalada ya ofisini yangekuwa na kanuni hiyo!)

Ya namna ya pili ni makosa ya mjenzi mwenyewe: jambo lililodhaniwa kuwa haliwezekani limetokea. Hapo ni kana kwamba ubao wa chini wa kivuko umepasuka. Hakuna tena taarifa ya kuaminika, kwa kuwa hata kumbukumbu zitakazotumika kuandika taarifa huenda zimeharibika. Kazi hukomeshwa mara moja, tena kwa vitendo vichache iwezekanavyo. MV Bukoba ilipokuwa imepinduka na tumbo lake lingali juu ya maji, watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Tundu likatobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Hatulitaji jambo hilo ili kuwalaumu waliojaribu kuokoa. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi tendo jema, likifanywa juu ya chombo ambacho hali yake haijulikani tena, linavyoweza kuongeza madhara.

Tukirudi kwenye maneno, kuna aliyependekeza "ajali". Pendekezo hilo lina mvuto wa kihistoria, kwa sababu "ajali" katika Kiarabu ni muda uliowekwa, hasa wa kufa, na neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya majaliwa. Lakini Mswahili wa leo husikia ajali akafikiri gari barabarani, tena jambo lisilo na mkosaji. Katika programu mkosaji yupo, naye ni lazima atafutwe.

Maoni yetu ni kwamba Kiswahili kina maneno mawili ambayo yanaweza kugawana kazi hii vizuri kuliko Kiingereza. "Kosa" libaki kwa yale yanayotoka nje na kurudishwa kwa aliyeita. "Hitilafu", ambalo kila mtu hulitumia kwa umeme na mitambo, litumike kwa ubovu ulio ndani ya programu yenyewe. Hali inayoilazimu programu kusimama tunapendekeza iitwe "hitilafu komeshi", na pale ambapo maktaba imeikomesha kazi kwa jambo lililofaa kurudishwa tu, mfasiri aseme wazi "kosa lililokomesha kazi". Tunafahamu kwamba wanasheria hulitumia "kosa" kwa maana ya jinai. Muktadha utatosha kutofautisha.

Ujumbe wa kwenye kioo nao uandikwe hivi: "Kazi imekomeshwa kwa sababu ya hitilafu ndani ya programu." Mwalimu yule wa Mwanza alipousoma aliuliza swali jingine, ambalo sasa lilikuwa la haki: "Na ile niliyokwisha andika iko wapi?"