Punguzo Lina Sababu Yake

Kila Januari, Bonane (sikukuu ya Mwaka Mpya) ikishapita, maduka ya Uvira, mashariki mwa Kongo, hubaki na nguo za watoto zilizokosa mwenyewe. Mwenye duka anataka fedha ya kuagizia mzigo mwingine, basi anashusha bei. Haipiti muda picha za nguo hizo zinaonekana kwenye Status za WhatsApp na kurasa za Facebook, bei ikiwa imepanda dola moja au mbili. Anayeziuza si mwenye duka. Ni mwanafunzi, mama wa nyumbani au mtumishi anayengoja mshahara, mwenye simu na mtaji mdogo.

Uchuuzi huu una faida kwa pande zote. Duka linapata nafasi na fedha, na mnunuzi wa Makobola au Sange anapata nguo bila kupanda taksi moto kuja kuzunguka mjini. Wanaoshindwa hulaumu wateja. Lakini mara nyingi hasara imeanzia dukani, pale mchuuzi alipoitazama bei iliyoshuka bila kuuliza imeshukia nini.

Duka hupunguza bei kwa sababu msimu umepita, saizi zinazotakiwa zimekwisha zikabaki za pembeni, modeli mpya imeingia, tarehe ya mwisho wa matumizi inakaribia, au mwenye duka anadaiwa. Ni sababu hiyo ya mwisho tu isiyomfuata mchuuzi: bidhaa ni nzima, watu wanaitaka, shida ni ya fedha. Zile nyingine zote huhama pamoja na mali. Ukinunua bila kuijua sababu, umenunua tatizo la mwenye duka na kumlipa juu yake.

Matatizo mengine huponywa na muda. Shule hufunguliwa mapema Septemba, na shati jeupe na suruali ya buluu ya mwanafunzi wa Kongo havibadiliki mtindo. Atakayevinunua Oktoba kwa bei ya kutupa atavitoa Agosti inayofuata. Ila mtaji wake utalala miezi kumi, na mwenye dola 50 hana uwezo wa kuzilaza.

Matatizo mengine huponywa na mahali. Ubelgiji, kwa mfano, sheria imetenga misimu miwili ya kuuza kwa bei za punguzo, unaoanza 3 Januari na unaoanza 1 Julai, na ndugu walioko Brussels hununua wakati huo ili watume nyumbani. Januari kilichoshuka sana ni makoti ya baridi. Uvira, ukingoni mwa ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, koti la sufu halina kazi. Minembwe, juu ya mita 2,000, koti hilohilo ni hitaji la kila jioni. Kwa hiyo anayelipokea Uvira amtafute mteja wake milimani. Simu nayo huenda ikawa rahisi Ulaya kwa kuwa imefungwa kwenye mtandao mmoja wa huko. Hilo haliponywi na mahali, bali linazidi kuwa baya.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme umepata jozi kumi za viatu vya watoto kwa dola 4 kila moja, badala ya 7. Umetoa dola 40. Usafiri, mega za intaneti na gharama za njiani zikila dola 12, umefika 52. Unauza kila jozi dola 6.5. Zikiisha zote una dola 65, faida 13. Zikibaki jozi mbili, umekusanya dola 52 kamili, yaani umefanya kazi bure. Faida yote imo katika jozi mbili za mwisho, na hizo ndizo zenye saizi ambazo duka lenyewe lilishindwa kuziuza. Ndiyo maana mzoefu hachukui furushi zima kwa kuwa ni rahisi. Anachagua jozi nne za saizi zinazotembea na kuziacha sita, hata kama kila jozi itamgharimu kidogo zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisiloandika bidhaa zilizobaki ni nusu daftari.

Kisha kuna fedha yenyewe. Uvira inatumia dola, franka ya Kongo na franka ya Burundi, na punguzo linaweza kupotelea katikati ya sarafu hizo. Kati ya Septemba na Oktoba 2025 franka ya Kongo ilipanda thamani ghafla: dola iliyokuwa ikipata franka zipatazo 2,800 ikashuka chini ya 2,500 katika wiki chache. Chukua mtu aliyenunua shati kwa franka 28,000 akalitangaza kwa dola 12. Kwa bei ya 2,800 angebaki na franka 5,600. Dola ikifika 2,400, anabaki na 800, nauli tu. Kanuni ni kutangaza bei kwa sarafu utakayorudi nayo dukani.

Hesabu hiyo inahitajika zaidi kwa anayevuka mpaka wa Kavimvira na Gatumba kwenda Bujumbura, Burundi, chini ya kilomita 30. Burundi, pengo kati ya dola ya benki na dola ya barabarani limekuwa kubwa kwa miaka, na mwishoni mwa 2024 ya barabarani ilizidi ya benki zaidi ya mara mbili. Mwenye dola akifika anaona kila kitu kimepunguzwa. Lakini muuzaji wa viatu vya China aliviagiza kwa dola ileile ya barabarani, na bei yake tayari imeibeba. Kilicho rahisi kweli ni kinachozalishwa Burundi kwenyewe. Na utaratibu mwepesi wa soko la pamoja la COMESA kwa wachuuzi wadogo unalenga bidhaa za aina hiyo, zilizozalishwa katika nchi wanachama. Viatu vya China vitakutana na forodha kama kawaida. Isitoshe, mpaka huweza kufungwa, kama Desemba 2025 vita vilipoingia Uvira. Mali yenye tarehe ya kuharibika isingoje ng'ambo.

Kwa upande wa sheria, kuuza kwa simu hakumwondoi mtu kwenye biashara. Mchuuzi mdogo anahitaji patenti, yaani leseni ya biashara ndogo, na Sheria ya Dijitali ya Kongo (Code du numérique), iliyotiwa saini 13 Machi 2023, inagusa pia biashara ya mtandaoni. Uaminifu una kanuni zake pia: piga picha bidhaa uliyo nayo mkononi, onyesha kasoro yake, taja saizi na bei waziwazi.

Kwa anayeanza, njia yenye hatari ndogo ni kumwomba mwenye duka ruhusa ya kupiga picha na akuwekee mali siku moja. Status hukaa saa 24. Akijitokeza mtu akatuma arubuni kwa M-Pesa au Airtel Money, rudi ukanunue. Asipojitokeza, umekwisha kuijua sababu ya punguzo, na hujatoa hata franka moja.