Ocon: Bingwa aliyeachwa stejini

Ili mtoto wao aendelee na mbio, wazazi wa Mfaransa Esteban Ocon waliuza nyumba, familia ikahamia kwenye karavani. Babake ni makanika, si tajiri.

Mwaka 2014 dogo akatwaa taji la Formula 3 Ulaya. Nambari tatu? Max Verstappen! Lakini Verstappen, aliyeshikwa mkono na Red Bull, ndiye aliyepanda langalanga 2015 akiwa na miaka 17. Bingwa akapelekwa GP3. Huko alishinda mbio moja pekee, akawa wa pili mara tisa mfululizo, na bado akabeba taji (pointi hazibagui).

Formula 1 ilimfungulia mlango Agosti 2016, tena kwa Manor, timu ya mkiani. Ushindi wake wa kwanza ulikuja Hungary, 2021.