Ikawaje? Kurudia Riwaya Ukubwani

Watu wazima wengi waliokaa miaka bila kufungua riwaya waliwahi kuwa wasomaji. Utotoni walisikiliza hadithi za bibi, na mwanzo wa "paukwa" ulitosha kuwakalisha kimya. Waliiacha hadithi njiani, na njia yenyewe hufanana kwa wengi: shule, kisha kazi na malezi, kisha simu. Anayetaka kuirudia hufaidika akijua kwanza aliiachia wapi.

Kwa wengi ni shuleni. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, ilisomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini Kenya kama kitabu teule. Ni kisa cha kijana Msanifu Kombo anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Lakini mwanafunzi alikisoma kisa hicho kalamu mkononi, akiorodhesha maudhui, sifa za wahusika na tamathali za usemi, huku akisubiri swali la "eleza muktadha wa dondoo hili". Mwenye haraka alinunua mwongozo, na huenda alifaulu bila kuimaliza riwaya yenyewe. Uchambuzi una kazi yake, kwani humfundisha msomaji kuona jinsi hadithi ilivyojengwa. Ila mtihani ukiwa ndiyo sababu pekee ya kusoma, siku ya mtihani wa mwisho sababu hiyo nayo huisha.

Baada ya hapo huja upungufu wa umakini. Macho yaliyozoea ujumbe mfupi hupitia ukurasa juu juu, yakitafuta jambo kuu na kuruka mengine, ilhali riwaya haina muhtasari wa kudokolewa. Hali hii huwapata hata mabingwa. Maryanne Wolf, mtafiti Mmarekani wa jinsi ubongo unavyosoma, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2018 kwamba alijaribu kuirudia riwaya ya Hermann Hesse aliyoipenda ujanani, ikamshinda. Sentensi zilimwia ndefu, mwendo ukamchosha. Alipojilazimisha kusoma kwa vipindi vifupi, siku baada ya siku, mwendo wake wa zamani ulirudi. Uwezo wa kusoma kwa kina hufifia usipotumiwa, na hurudi kwa mazoezi.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza kinahitaji kuchaguliwa kwa makini. Kosa la kawaida ni kuanza na riwaya nzito inayosifiwa kuliko zote, kana kwamba msomaji analipa deni. Kinachofaa zaidi ni kisa kinachovuta. Kiswahili kina hazina ya riwaya za upelelezi tangu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na maneno yaliyopimwa. Baadaye Elvis Musiba alimbuni Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akambuni Joram Kiango. Vitabu vya aina hii huitwa "riwaya pendwa", na wapo wanaovidharau kwa wepesi wake. Kwa anayerudi, wepesi huo ndio faida: kila sura humwachia swali litakalomrudisha kesho.

Mlango wa pili ni kitabu cha zamani kilichowahi kusomwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Aliyeisoma akiwa na miaka 17 huenda alimwona Rosa peke yake, binti aliyebanwa nyumbani akapotea alipopata uhuru. Akiirudia akiwa na miaka 40, naye ana mabinti, humwona pia Zakaria, baba ambaye ukali wake ulizaa kile alichokiogopa. Maneno ni yale yale, ila msomaji ameongezeka umri. Hapo mtu mzima ana faida juu ya mwanafunzi, kwa kuwa ndoa, misiba na madeni vimeshamfundisha mambo ambayo mwongozo hauwezi kuyaeleza.

Filamu nayo hufungua njia. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya inayosimulia mapenzi na siasa za Zanzibar wakati wa ukoloni, iligeuzwa kuwa filamu na mwongozaji Amil Shivji mwaka 2021. Aliyeitazama huingia kitabuni akiwa tayari anawajua Yasmin na Denge.

Taratibu zenyewe ni chache. Dakika 20 kila siku hufaa kuliko saa tatu za Jumapili moja, na simu ikiwekwa chumba kingine dakika hizo huwa nzima. Riwaya za pwani na visiwani zina msamiati usiojulikana na kila msomaji wa bara, lakini kufungua kamusi kwa kila neno hukata utamu, na maana nyingi hujifunua kadiri kisa kinavyosonga. Riwaya yenye ukoo mkubwa husomeka vizuri zaidi majina yakiandikwa kwenye kikaratasi. Na kitabu kisichoshika baada ya kurasa 50 kinaweza kuachwa bila aibu. Hakuna mtahini anayesubiri.

Kuhusu faida, madai ni makubwa kuliko ushahidi. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa David Comer Kidd na Emanuele Castano uliodai kwamba kusoma hadithi za kifasihi hata kwa muda mfupi huongeza uwezo wa kutambua hisia za wengine. Watafiti wengine waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yale yale. Riwaya basi isinywewe kama dawa, kwani huko ni kuirudisha tena kuwa kazi ya shule.

Dalili ya kwamba mtu amerudi ni ndogo. Huacha kuhesabu kurasa zilizobaki, huchelewa kuzima taa, na asubuhi njiani kwenda kazini hujikuta akiuliza lile swali alilomuuliza bibi yake zamani: ikawaje?