Ahmed Abdallah Abderemane

Ahmed Abdallah Abderemane (12 Juni 1919 - 26 Novemba 1989) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Komori. Aliongoza serikali ya ndani ya visiwa hivyo tangu mwisho wa mwaka 1972, akatangaza uhuru wao tarehe 6 Julai 1975, na akawa rais wao wa kwanza. Alipinduliwa mwezi uliofuata, akarudi madarakani mwaka 1978 kwa msaada wa mamluki, na akauawa akiwa bado rais. Asichanganywe na Ahmed Abdallah Mohamed Sambi, rais wa miaka 2006-2011, ambaye naye ni mtu wa Nzwani na aliyewahi kufanya biashara.

Biashara

Visiwa vya Komori viko karibu kilomita 600 kusini-mashariki ya delta ya Rufiji. Lugha ya wenyeji ni ndugu ya karibu ya Kiswahili. Abdallah alizaliwa Domoni, mji wa kale wa pwani ya mashariki ya kisiwa cha Nzwani (Wafaransa hukiita Anjouan). Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Nzwani ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ya Bambao, iliyolima mimea ya manukato. Mkomori aliyetaka utajiri hakuwa na nafasi kubwa shambani. Njia iliyobaki ilikuwa kununua na kuuza.

Abdallah alishika njia hiyo. Aliuza nje vanila na mazao mengine ya visiwa, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Komori. Kampuni ya familia, Abdallah et Fils (yaani Abdallah na Wanawe), iliendelea kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za biashara ya nje hata baada ya uhuru. Vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi ndiyo mazao yaliyoiletea nchi fedha za kigeni, na chakula kikuu, mchele, huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu katika biashara hiyo aligusa mfuko na chungu cha kila nyumba, awe na cheo au asiwe nacho.

Kutoka useneta hadi uhuru

Mwaka 1959 Abdallah aliingia katika Seneti ya Ufaransa huko Paris akiiwakilisha Komori, akakaa humo hadi 1973. Desemba 1972 alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la Serikali. Cheo hicho kisimchanganye msomaji: kilikuwa cha kiongozi wa serikali ya ndani, kwa kuwa mkuu wa dola alikuwa bado rais wa Ufaransa. Juni 1973 alikubaliana na Ufaransa kwamba uhuru upatikane ndani ya miaka mitano.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa jumla zaidi ya asilimia 94 walitaka uhuru, lakini kisiwani Mayotte karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliukataa. Watu wa Mayotte walikuwa na kinyongo tangu makao makuu yalipohamishwa kutoka Dzaoudzi, kwao, kwenda Moroni, Ngazija. Bunge la Ufaransa liliamua tarehe 3 Julai 1975 kwamba katiba mpya ipigiwe kura kisiwa kwa kisiwa. Abdallah aliona wazi kwamba huko ni kuigawa nchi, na siku tatu baadaye alitangaza uhuru bila kuingoja Paris. Hata hivyo Mayotte ilibaki chini ya Ufaransa hadi leo. Kama angesubiri, je, angeipata? Wakomori wenyewe hawajakubaliana juu ya hilo.

Tarehe 3 Agosti 1975 alipinduliwa. Aliyepanga mapinduzi alikuwa Ali Soilih, na mwezi Septemba mamluki Mfaransa Bob Denard alisaidia kumkamata Abdallah huko Nzwani. Akaenda uhamishoni Ufaransa.

Kurudi madarakani

Soilih alitawala kwa siasa kali za kijamaa, na sehemu ya jeshi lake ilifunzwa na wanajeshi wa Tanzania. Tarehe 13 Mei 1978 Denard aliteremka Ngazija kutoka baharini na watu wapatao 50, akamwangusha Soilih, ambaye aliuawa kabla mwezi haujaisha. Safari hii Denard alikuwa upande wa Abdallah. Fedha za kugharimia shambulio hilo zinatajwa kutoka kwa Abdallah mwenyewe na mwenzake Mohamed Ahmed. Mfanyabiashara alikuwa amemkodi mtu yuleyule aliyemkamata miaka mitatu nyuma.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikasirika. Julai 1978 ujumbe wa Komori ulifukuzwa katika mkutano wa mawaziri huko Khartoum. Denard aliondoka, kwa jina tu. Watu wake walibaki wakiongoza Kikosi cha Walinzi wa Rais, kilicholipwa na Afrika Kusini ya makaburu. Kwa malipo hayo makaburu walipata mahali pa kukwepea vikwazo vya biashara.

Mwaka 1982 nchi ikawa ya chama kimoja. Abdallah alichaguliwa tena mwaka 1984 bila mpinzani, na baadaye katiba ilibadilishwa ili kufuta cheo cha waziri mkuu, hivyo akawa tena kiongozi wa serikali, safari hii pamoja na urais. Biashara ya familia haikusimama wakati huo wote, wala hakukuwa na mahakama au gazeti lenye nguvu ya kuuliza wapi duka linaishia na wapi hazina inaanza.

Kifo

Mwanzoni mwa Novemba 1989 kura ya maoni ilimfungulia njia ya kugombea kipindi cha tatu. Usiku wa 26 kuamkia 27 mwezi huo alipigwa risasi ofisini mwake mjini Moroni, Denard akiwa chumbani. Denard alidai mlinzi wa rais ndiye aliyefyatua risasi kwa makosa. Mahakama ya Paris ilimwachia huru mwaka 1999, na hakuna mwingine aliyepatikana na hatia. Said Mohamed Djohar, aliyekuwa mkuu wa Mahakama Kuu, alishika urais kwa muda na kuuchukua rasmi kwa uchaguzi wa 1990. Abdallah alizikwa Domoni.